Mwendo Wangu Uondolewe kwa Mbuzi

Kasiani Nandonde,
Ufukoni, Mtwara.
13 Agosti 2007

Mwenyekiti,
Kikundi cha Mifupa ya Katuni,
Mtwara.

Ndugu Mwenyekiti, Bi. Zulfa,

YAH: MATUMIZI YA MIGUU YANGU BILA KIBALI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kupeleka mafaili kutoka chumba cha mwisho hadi chumba cha kwanza, kwa hiyo kwangu kutembea ndiyo kazi yenyewe. Nakuandikia wewe kwa sababu mwanachama wako Hamisi ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, na binamu hashitakiki. Nilimfikisha mbele ya mama yangu mzazi. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema utani wa mabinamu hauna rufaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi Machi Hamisi aliniomba nitembee mbele ya kamera. Alieleza kwamba kikundi chenu kinatengeneza mifupa ndani ya kompyuta, ambayo ukiivisha umbo lolote la katuni, umbo hilo linatembea. Nilikubali kwa ajili ya maendeleo. Tukaenda ufukweni saa saba mchana, nami nikashika faili ili nitembee kikazi. Hatua ya tatu kandambili ikakatika. Mchanga ulikuwa unachoma kama kikaango. Mtu mwingine angetimua mbio, lakini karani mwenye faili mkononi hakimbii, ndivyo tulivyofunzwa. Nikamaliza mita ishirini nikiwa nimetulia kabisa kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini sina la kusema, mmeona wenyewe. Huo ndio mwendo mliouchukua. Ule haukuwa mwendo, Ndugu Mwenyekiti, ilikuwa ajali.

2. Sikuambiwa kwamba mifupa hiyo inabebeka. Kumbe inaingia kwenye flashi ndogo kuliko kidole gumba, inapandishwa basi kwenda Masasi ambako wenzenu wanashughulikia mikono, kisha Newala ambako wanashughulikia shingo, halafu inarudi kwenu. Kila inakopita mtu anaongeza lake. Masasi wamezidisha kuinua goti. Newala wameongeza kugeuza shingo kila hatua ya nne, kuangalia kama kuna mtu ameona. Nakiri niligeuka, lakini mara moja tu.

3. Mbuzi. Katuni ya chanjo ya mifugo mliyoionyesha uwanjani ilikuwa na mbuzi, na mbuzi yule alikuwa mimi. Sijui mlifanyaje, lakini miguu yote minne ni yangu. Watu wa kijiji cha Ziwani waliokuja ofisini kufuatilia barua zao walinitambua nikiwa nimewapa mgongo. Mzee mmoja, kwa upole kabisa, aliniuliza kama nimeshachanjwa.

4. Baada ya mbuzi, mifupa hiyo mkaivisha mbu, bibi anayenawa mikono, korosho yenye kofia, na Mheshimiwa asiye na jina anayehimiza usafi wa mitaro. Wote wanatembea vilevile. Mkuu wangu wa kazi amenitaka nieleze kwa maandishi ni kwa nini ninamwigiza Mheshimiwa kwenye korido ya serikali.

5. Mkaiweka mifupa hiyo mtandaoni, bure, kila mwenye kompyuta duniani aichukue na kuiboresha. Hamisi amenionyesha barua pepe kutoka Polandi. Mtu wa huko anashukuru kwa miguu mizuri, na ameivisha binti wa mfalme. Nilimwona binti huyo akiteremka ngazi za kasri na taji kichwani, goti juu, shingo pembeni. Siku hiyo sikula. Nilipodai irudishwe, Hamisi alinijibu, “Binamu, miguu yako sasa mali ya umma. Wewe tumekuachia ya kutembelea tu.”

6. Hili ndilo linaloniuma. Jumamosi tarehe 25 mwanangu Elizabeti anafunga ndoa, na mimi ndiye nitakayemshika mkono kumwingiza kanisani. Nikijaribu kufanya mazoezi sebuleni, nyumba nzima inaziba midomo. Kila nikiifikiria miguu yangu, inafanya mwendo ule wa kwenye katuni, na nilivyokuwa natembea zamani sikumbuki tena. Binti ninaye mmoja. Sitaki achekwe siku yake kwa sababu ya baba. Naogopa, na kusema kweli nina aibu kuandika kwamba naogopa.

Kwa hiyo naomba mwendo wangu uondolewe kwa viumbe wote waliotajwa, kwa kuanzia na mbuzi, na Polandi waandikiwe barua rasmi. Ikishindikana, naomba kikundi chenu kimwendee padri kimweleze kwamba nitamwingiza binti yangu kanisani kwa baiskeli, nikiendesha taratibu.

Nisalimie wanakikundi wote, wa Masasi na wa Newala pia, hawakujua walitendalo. Mpe pole mama yako, Bi. Somoe, kwa goti lake. Hamisi usimsalimie, nitakula naye jioni.

Ni mimi, mwenye miguu,

Kasiani Nandonde

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaibandika, nimeifungua. Elizabeti amerudi kutoka mjini na habari kwamba tangu Ijumaa mmeuondoa mwendo wangu, na katuni mpya ya mamba wa Ruvuma inatembea kwa mwendo wa Shaibu, fundi redio. Nimekwenda kuiona. Shaibu! Mtu anayeburuta kisigino! Nimepita sokoni mwanzo mpaka mwisho hakuna aliyegeuka. Watoto wote wako nyuma yake, na yeye anawapungia mkono kabisa. Na Elizabeti amenuna. Kumbe amekwisha kuwatangazia wakwe zake wote kwamba ataletwa na baba yule wa kwenye katuni, na mwezi mzima amekuwa akijifunza mwendo huo kwa siri ili tuingie sawasawa. Nimemchungulia uani akijaribu, gauni amelishika kwa mikono miwili. Anaupatia kuliko mimi. Rudisheni mwendo wangu, tafadhali, kabla ya Jumamosi ya tarehe 25.