Alama Mbili za Merle Otterness

Jumatatu, 13 Januari

Ligi imetutukana. Sina neno jingine. Namba za masomo zimetoka asubuhi, na timu yetu ya mpira wa kikapu, Nungunungu wa Chuo cha Wexler, iko chini ya mstari. Si chini sana. Kidogo tu! Lakini ligi haijui kidogo. Tusipopanda mpaka mwisho wa muhula huu, Machi ya mwakani haturuhusiwi kucheza mashindano. Machi! Katika mji huu watu huahirisha harusi kwa ajili ya Machi.

Na namba yenyewe inahesabu nini? Vikapu? Hata kidogo. Kila mchezaji mwenye ufadhili analeta alama mbili kwa muhula. Moja akifaulu masomo, moja akibaki chuoni. Basi! Kwa hiyo mimi, Duane Kessler, kocha msaidizi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, riziki yangu inategemea kama vijana wa watu wameamka kwenda darasani. Huu ni uonevu.

Kocha mkuu Tillery aliniita ofisini. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti, dalili mbaya. Akasema masomo ni idara yangu, na nisipoivusha timu niende kwa shemeji yangu nikauze mbolea. Nikamwambia awe na amani. Akasema amani iliondoka siku aliyoniajiri.

Halafu, kana kwamba haitoshi, Yolanda Pruitt, kocha msaidizi wa timu ya wanawake, ametundika bango jipya ukutani: ALAMA KAMILI, MWAKA MWINGINE TENA. Ukuta wote ule, akachagua mkabala na mlango wangu! Nimeisukuma mashine ya soda mpaka imelifunika. Mgongo unauma lakini roho imetulia.

Jumatano, 15 Januari

Nina mpango. Mgonjwa wetu mkubwa ni Cody Brandvold, senta, kijana wa futi saba kutoka Dakota. Muhula uliopita alifeli somo la lishe, na hakuna mtu chuoni anayekula kama yeye! Huyu akifaulu safari hii, tunavuka. Nimewauliza wanafunzi kimyakimya somo gani ni la mteremko. Wote walisema Mawe. Unaoneshwa jiwe, unasema ni jiwe, umefaulu. Nimemwandikisha palepale.

Pruitt alinikuta kwenye korido akauliza nani amesogeza mashine ya soda. Nikasema mafundi wa umeme. Akasema mafundi hao wameacha nyayo za viatu vyangu. Mwanamke yule ana macho ya polisi.

Ijumaa, 17 Januari

Hakuna aliyeniambia kwamba mwalimu wa mteremko amestaafu! Hata mmoja! Sasa Mawe yanafundishwa na Profesa Feldkamp, mama mfupi anayegonga meza kwa nyundo ya kuvunjia miamba. Na anaanza saa mbili asubuhi, kwenye baridi hii ya Missouri. Brandvold alisinzia siku ya kwanza. Mtu wa futi saba hawezi kusinzia kwa siri. Alianguka na kabati zima la sampuli. Profesa amenipigia simu, ameapa kwamba akifeli jaribio la kwanza atamtoa darasani. Nilimweleza kwamba huyu kijana anatoka tu kwenye mazoezi magumu. Akaniuliza kama mawe nayo yapunguze ugumu. Hana adabu.

Jumanne, 21 Januari

Nimekwenda darasani mwenyewe kukaa pembeni ya Brandvold nimfinye akisinzia. Mpango safi kabisa. Tatizo ni kwamba chumba kilikuwa na joto zuri, na ule mlima ulioonyeshwa ukutani ulikaa pale muda mrefu mno. Nilishtuka Brandvold ananitikisa bega.

"Kocha, unakoroma," alininong'oneza, kwa mnong'ono uliofika jimbo la jirani, Iowa.

Profesa akauliza kati yetu wawili mwanafunzi mwenye matatizo ni yupi. Darasa zima likacheka. Brandvold naye akacheka! Nimemnyima pudini ya leo.

Alhamisi, 23 Januari

Nimegundua dhahabu! Mwisho wa benchi letu wanakaa vijana wawili, Merle Otterness na Pickard. Hawachezi. Kazi yao ni kupiga makofi na kuwapa wenzao taulo. Kumbe Otterness, mtoto wa wafuga ng'ombe, ni A tupu! Hesabu A, kemia A, hata Mawe alishapata A. Miaka mitatu nimekaa na hazina hii nikidhani ni mtu wa taulo.

Huyu peke yake ataipandisha namba yetu. Kuanzia leo ni mfalme. Nimempa mbavu za nguruwe mara mbili mezani. Nimempa kiti cha mbele kwenye basi, kile chenye nafasi ya miguu, ambacho kilikuwa cha Brandvold. Brandvold alisafiri hadi Kirksville magoti yakiwa masikioni. Otterness alikataa kwa heshima, akasema yeye anaenea popote. Nikamwambia kaa, mwanangu, timu inakutegemea. Akanitazama kwa muda mrefu, kama anataka kusema kitu. Ni furaha ile.

Na nimemwomba amfundishe Brandvold mawe. Amekubali bila kuuliza.

Jumanne, 28 Januari

Brandvold amefaulu jaribio! Si kwa kubahatisha, amefaulu vizuri. Otterness alimfundisha kwa kutumia chakula: mwamba wa tabaka ni keki, wa volkano ni jibini lililoyeyuka likaganda. Sasa Brandvold anaokota mawe njiani na kuyaita kwa majina. Nikaenda kumpa Tillery habari za mbinu zangu.

Sikupaswa kupitia korido. Pruitt alikuwa ananunua soda. Nikamwambia kwa mbwembwe kwamba bango lake lijiandae kupata jirani, maana nina Otterness. Akacheka mpaka soda ikamtoka puani.

"Duane, babu wee! Otterness si anajilipia karo? Asiye na ufadhili hahesabiwi! Umemlisha mbavu bure."

Nimerudi ofisini nimesoma kanuni. Ni kweli. Mwenye A zote hahesabiwi kwa sababu baba yake anamlipia, lakini aliyefeli lishe anahesabiwa! Kanuni gani hizi? Zimeandikwa na nani, na huyo mtu ana mama? Nilipiga meza mpaka kikombe kikaruka.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Kuna ufadhili mmoja umekaa wazi tangu yule mchezaji wetu kutoka Tulsa aondoke. Nampa Otterness, anahesabiwa. Rahisi kama kufungua mlango!

Alhamisi, 30 Januari

Tillery amekubali. Aliuliza kama nimeongea na kijana kwanza. Nikamshangaa. Kijana gani anaulizwa? Desturi inajulikana: mtu wa benchi anayejilipia hupewa ufadhili kwa kushtukizwa, wenzake wanamrukia, mama analia, kamera zinachukua. Ukimwambia mapema umeharibu kila kitu.

Otterness alinisimamisha leo nje ya ukumbi. "Kocha, nina jambo nataka kukuambia." Nikamwambia Jumamosi, mwanangu, mambo yote Jumamosi. Akasema Jumamosi inayofuata ndiyo hasa jambo lenyewe. Nikaziba masikio nikakimbia, nisije nikaropoka siri.

Jumamosi, 1 Februari

Siku yangu kubwa! Wakati wa mapumziko bendi ilipiga, taa zikazimwa, mwanga ukamwangukia Otterness mwisho wa benchi akiwa na taulo begani. Wazazi wake niliwaleta kwa siri kutoka shambani. Akanijia haraka: "Kocha, kabla hujaendelea..." Nikamshika mdomo. Ndiyo, kwa mkono. Kisha nikatangaza.

Ukumbi uliripuka. Brandvold alimbeba mabegani kama mtoto. Mama Otterness alilia, ingawa baada ya kusoma shati nililomvika mwanawe, lililoandikwa UFADHILI, alimtazama mumewe kwa namna ambayo sikuielewa. Otterness alikuwa mwekundu hadi shingoni. Maelfu wanamshangilia, mama analia, kamera usoni. Akatia saini. Ametoka kwenye malezi mema, hajui kuwavunja watu moyo.

Nilimtafuta Pruitt kwa macho pale jukwaani. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kichwa. Wivu!

Jumatatu, 3 Februari

Siamini. Nimekaa sakafuni naandika.

Otterness alikuja asubuhi na begi lake. Akaomba radhi, akavua kofia kabisa. Anaondoka chuoni. Leo! Babu yake ndiye dalali wa mnada wa ng'ombe wa kule kwao, na koo la babu limeharibika, sauti imekwisha. Asipopatikana wa kunadi Jumamosi hii, wafugaji watapeleka mifugo yao kaunti nyingine na mnada utakufa. Amekuwa akijaribu kuniambia tangu siku ya basi. Pale ukumbini alishindwa, mama alikuwa analia, bendi inapiga.

Wiki iliyopita angeondoka na isingetugharimu chochote, kwa sababu hakuwa anahesabiwa. Sasa anahesabiwa! Alama ya kufaulu imekwenda. Alama ya kubaki imekwenda. Zote mbili, na mimi ndiye niliyemvika shati!

Lakini kosa la nani? La kijana. Mtu akiwa na jambo anatakiwa alitamke.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeendesha gari mpaka mnadani kumrudisha. Tillery alisema nisirudi bila yeye. Alikuwa na mfuko mzima wa mbegu za alizeti.

Najua hatari za minada, mimi si mjinga. Niliikalia mikono yangu, nisije nikaonekana nataja bei. Otterness alikuwa juu kwenye kibanda cha mnadi, kofia kisogoni, anataja bei kwa kasi ambayo hata bendi yetu isingeifuata. Kijana yule ambaye sijamsikia akisema maneno kumi mfululizo! Wazee walikuwa wanamtania kwa jina, naye anawajibu huku ndama wakipita. Nilijisikia vibaya. Sijui kwa nini. Miaka mitatu nilikuwa namwita Wewe wa Taulo.

Wakati wa mapumziko nilimwomba abaki chuoni mpaka Mei tu. Nilimwomba kweli, kofia mkononi. Nikamweleza Machi, mji, mbolea ya shemeji yangu.

"Kocha, nakuonea huruma, kweli tena," akasema. "Lakini kule wakinikosa watanunua mashine ya taulo. Hapa nikikosekana, babu anafunga geti."

Baadaye mama yake akaniuliza kwa mbali, huku mnada umeanza tena, kama nataka pai ya pichi. Nikaitikia kwa kichwa. Nikauziwa mbuzi.

Jumanne, 11 Februari

Mbuzi nimemfunga nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Usiku alikata kamba, akaingia koridoni, akajipenyeza nyuma ya mashine ya soda, akala sehemu kubwa ya bango la Pruitt. Limebaki ALAMA KA. Kwa mara ya kwanza mwaka huu kuna aliyefanya kazi yake katika idara yangu.

Ijumaa, 16 Mei

Namba zimetoka. Brandvold alifaulu Mawe kwa A. A! Wengine wote wamefaulu, wote wamebaki. Pruitt alikuja na kikokotoo bila kuitwa, akakaa kwenye kiti changu. Akasema bila Otterness tungevuka mstari. Na Otterness ndani, tumebaki chini, kidogo tu.

"Ungekaa tu, Duane. Ungekaa kimya ukanywa kahawa yako, saa hizi Machi ingekuwa yenu."

Machi imekwenda. Brandvold alilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekumbatia jiwe lake la volkano, maana mwaka ujao ndio wake wa mwisho na hatacheza mashindano hata mara moja. Nilimpigapiga mgongo, pale ninapofikia. Iliniuma, naandika ukweli.

Tillery hakunifukuza. Amesema hakuna mwingine anayeitaka kazi hii. Amehamishia ofisi yangu chini ya ngazi. Bango jipya la Pruitt ni la bati, mbuzi haliwezi, na lipo juu ya meza yangu.

Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Ni ligi. Pia bendi ilipiga kwa sauti kubwa mno, mtu hakuweza kujieleza.

Jumatatu, 25 Agosti

Muhula mpya, nguvu mpya! Hakuna Machi ijayo, lakini kuna ile ya baadaye, na nimepata suluhisho. Ufadhili wa Otterness umebaki wazi. Na nani amekaa mwisho wa benchi miaka yote hii, akijilipia, akipata A tupu katika falsafa? Pickard! Alikuwa pembeni ya Otterness muda wote, na hakuna aliyemwona isipokuwa mimi.

Jumamosi tunamshtukiza. Bendi nimeiambia ipige taratibu, mtu asiseme sijifunzi. Shati limechapwa. Mama yake anatoka Omaha kwa siri.

Pickard mwenyewe alipita chini ya ngazi mchana huu, begi mgongoni, uso umejaa hisia. Akasema, "Kocha, nina jambo nataka kukuambia." Nikamwekea kidole mdomoni na kumwambia alitunze mpaka Jumamosi.