Tisheti za Kuhamia

Serikali ya kaunti ilikuwa na furaha kuwatangazia wananchi kwamba, baada ya utafiti wa kina uliofanyika hotelini, imebainika kuwa hakuna mtu anayehama kaunti kwa hiari yake. Kila anayehama amehamishwa. Na anayewahamisha ni Chama cha Karai.

Tangazo hilo lilisomwa pale Mamboleo, kwenye barabara ya kutoka mjini, na Mheshimiwa Griffins Owiti, waziri wa kaunti, siku alipozindua Idara ya Sababu za Kuhama. Idara yenyewe ilikuwa hema moja jeupe, kamba ya kuzuia barabara na kiti cha plastiki chenye riboni. Wanachama wa Kasia, chama kinachotawala, walipiga makofi. Wale wa Karai, wanaotawala kaunti za huko juu, hawakupiga, kwa kuwa hawakualikwa.

Lorine Ajwang, aliyekuwa ametoka chuo na diploma ya takwimu, aliteuliwa kuwa Afisa wa Sababu. Kazi yake ilikuwa kusimamisha kila gari lenye kitanda linalotoka mjini na kuuliza swali moja lililoidhinishwa: "Nani amekutuma?" Alikuwa msichana mwenye haya, na swali hilo aliliuliza kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Watu walimjibu vizuri. Mmoja alikuwa amepewa uhamisho wa ualimu. Mwingine, landlodi amepandisha kodi. Mzee fulani alisema amechoka na mbu, basi. Majibu haya yote yaliwekwa katika fungu la Sababu za Juujuu. Sababu ya Ndani ilisomwa kwenye tisheti.

"Mdomo utakudanganya," waziri alikuwa amewafundisha. "Tisheti haidanganyi. Angalia chama kilicho kifuani, umemaliza kazi."

Sayansi hii ilileta matokeo yasiyotarajiwa. Karibu wahamaji wote walikuwa wamevaa tisheti za samawati za Kasia, zenye sura ya waziri mwenyewe akicheka.

Lorine alijua kwa nini, kama alivyojua kila mtu mjini, kuanzia mtaa wa Obunga hadi Kisian. Tisheti ya kampeni haidumu na heshima yake. Uchaguzi ukipita, inakuwa nguo ya kupaka rangi, ya kuchinjia, ya kuhamia. Nani atabeba godoro akiwa na shati la kanisani? Nyumbani kwao Lorine, waziri alikuwa akipiga deki jikoni kila Jumamosi.

Lakini ripoti ni ripoti. Aliandika kwamba wafuasi wa Kasia wanaihama kaunti ya Kasia. Waziri aliisoma hadi mwisho.

"Hao si wafuasi wetu," akasema. "Hao ni Karai waliojificha ndani ya sura yangu. Nitafutieni mmoja wa kweli, mwenye tisheti ya njano ya Karai. Nitamwonyesha kwa waandishi wa habari."

Hata bango la siku hiyo aliagiza likachapishwa mapema: MSALITI WA KWANZA APATIKANA. Kisha akatunga kanuni. Kwa kuwa kiti ni kimoja, idara itamshikilia mhamaji mmoja tu, yule mwenye sababu ya kisiasa nzito kuliko wengine. Akipatikana mzito zaidi, wa kwanza aachiliwe aende zake.

Ijumaa asubuhi ikaja pikapu yenye kitanda miguu juu, masufuria, karai la kukaangia na kuku mmoja. Mbele, kando ya dereva, alikaa Mama Nasipwondi, muuza samaki wa Obunga. Tisheti yake ilikuwa ya njano. Ilikuwa imechanika kwapani na kujaa mafuta, lakini ilikuwa ya njano.

Cliff, askari wa kamba, alipuliza filimbi kama refa aliyeona penalti. Akachukua ufunguo wa gari.

"Mama, shuka. Nani amekutuma?"

"Binti yangu. Ako leba Webuye, uchungu umemshika tangu alfajiri. Naenda kumshika, halafu nikae naye nilee mtoto. Hana mtu."

"Bwana yake je?"

"Ako Qatar. Kazi."

"Qatar ni ya Kasia ama ya Karai?"

"Wewe kijana, ulikula asubuhi?"

"Jibu, mama. Huyo binti ni wa chama gani?"

"Mtu akiwa leba ana chama?"

"Na mtoto?"

"Hajafika, bwana. Akifika utamuuliza mwenyewe."

Lorine aliinama kuficha kicheko. Cliff hakuwa na kicheko. Alionyesha kidole kifuani. "Na hii?"

"Hii waligawa matangani. Mimi huivaa nikikaanga mbuta. Kama ni ya waziri wenu unataka, iko pale, nimefungia kuku."

Kweli, kuku alikuwa amefungwa mabawa kwa tisheti ya samawati, na waziri alikuwa akicheka chini ya shingo yake. Cliff alipiga saluti kwa mazoea. Halafu akapiga simu.

"Shikilia huyo!" sauti ya waziri ilisikika hadi nje ya hema. "Nawaita waandishi. Saa tisa wawe hapo!"

Mama Nasipwondi akaketishwa kwenye kiti chenye riboni. Binti yake alikuwa akimpigia simu mara kwa mara, na kila mara alisema, "Niko njiani, mama, pumua tu, niko njiani," huku akiangalia pikapu ikiwa imesimama.

"Nyathina," alimwambia Lorine, yaani mwanangu, kwa kuwa miaka ya Obunga ilikuwa imemfundisha Kijaluo. "Wewe uko na mama?"

"Niko naye."

"Atakuja kukushika siku yako ikifika?"

Lorine aliinuka. Alimletea chai. Alimwomba Cliff ufunguo mara mbili kwa upole, na mara ya tatu kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. Cliff alisema kanuni ni kanuni. Mpaka apatikane mzito zaidi.

Adhuhuri, redio ya dereva ikatangaza kwamba Kasia imempa mtu mwingine tiketi ya kugombea aliyokuwa akiitarajia Mheshimiwa Griffins Owiti. Hemani hakuna aliyelijali sana jambo hilo.

Saa nane na nusu ikafika lori lenye sofa za ngozi, friji kubwa na kitanda cha mbao ya mvule. Mbele yake, ndani ya gari la vioo vyeusi, alikuwa waziri. Karai walikuwa wamemwahidi tiketi huko juu, na mgombea lazima aonekane ana nyumba huko.

"Cliff, ondoa kamba. Ni mimi."

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini kuna kitanda. Nani amekutuma?"

"Cliff!"

Lorine akatoka hemani. "Mheshimiwa, samahani. Unahama kwa sababu gani?"

"Mambo ya familia tu, msichana wangu."

Lorine akamtazama kifuani. Tisheti ilikuwa ya njano, mpya, mikunjo ya kiwandani ikiwa bado imesimama. Haikuwa na rangi ya nyumba, wala damu ya kuku, wala harufu ya samaki.

"Hii haijafanya kazi yoyote," alisema polepole, kama anayeomba radhi. "Mheshimiwa, kati ya watu wote waliopita hapa, wewe ndiye wa kwanza kuhama kwa siasa."

Cliff alifikiri sana. Kisha akampa Mama Nasipwondi ufunguo, akapangusa kiti kwa heshima kubwa, na akamwelekeza waziri akae. Idara ilikuwa imefaulu.

Waandishi walifika saa tisa kamili, kwa kuwa katika haraka ya kuhama waziri alisahau kuwazuia. Bango lilikuwa tayari.

Pikapu ilipokuwa ikigeuka, Mama Nasipwondi alitoa kichwa dirishani. "Waziri! Hiyo tisheti yako usitupe. Ikizoea mafuta ni nzuri sana."

Jioni Lorine alipokea ujumbe kutoka Webuye: msichana, mzima, alimsubiri nyanya yake. Chama hakikutajwa. Na sura ya waziri, bila mwenyewe, ilivuka mpaka wa kaunti siku ile ile aliyopanga kuvuka, ikiwa imefunga kuku.