Bwawa la Kitalu cha Kumi na Nne

Jumatatu, 6 Agosti

Msimamizi wa Chumba cha Ramani amestaafu. Hatimaye! Miaka kumi na tisa nimekitolea macho kile kiti chake. Kina magurudumu matano na mto wa kukalia. Mkuu wa idara ametangaza kwamba ataamua mrithi Ijumaa ya wiki ijayo, na mwenye neno amwandikie.

Neno ninalo. Nina miaka thelathini na moja kazini. Ramani ya msitu wa hifadhi iliyoko ukutani nimeichora mimi, kwa miguu yangu na mkono wangu, miaka mitatu ya kuburuta mnyororo wa kupimia vichakani. Nani mwingine atakalia kile kiti? Hakuna.

Isipokuwa Shemeji.

Huyu ni mdogo wake mke wangu. Ana miezi minne tu idarani. Amekuja na droni, kidude chenye mapangaboi manne kinachovuma mpaka meno yanakufa ganzi, na leo ametuonyesha picha ya msitu mzima aliyoipiga kwa siku mbili. Kila mti unaonekana. Mkuu alipiga makofi. Katibu muhtasi alipiga makofi. Mama Usafi, ambaye ninamsalimu kila asubuhi mwaka wa kumi huu, aliweka ndoo chini ili apige makofi vizuri.

Na mimi nilipiga. Mara mbili tu, polepole, nisije nikaeleweka vibaya.

Nyumbani mke wangu akaniuliza eti ni kweli mdogo wake kaumaliza msitu kwa siku mbili. Nikasema ni kweli. Akauliza mimi vile nilitumia muda gani. Anajua vizuri sana! Kifungua mimba wetu alizaliwa nikiwa kitalu cha kumi na nne, nikapata habari siku ya tatu.

Jumanne, 7 Agosti

Nimempata!

Nimeshinda na lenzi mkononi nikilinganisha picha yake na ramani yangu, kitalu kwa kitalu. Hadi kitalu cha kumi na tatu hakuna kosa hata moja. Roho iliniuma, siwezi kuficha. Halafu kitalu cha kumi na nne: bwawa halipo! Kwenye ramani yangu lipo, la buluu safi, umbo la pea, na kijito chembamba kinachoteremka kusini. Kwenye picha yake ni miti mitupu. Miezi minne ya majigambo, na bwawa zima limempita!

Kusema kweli Shemeji hana majigambo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nimemwandikia Mkuu barua ya kurasa mbili. Sentensi ya mwisho niliifuta na kuiandika mara saba hadi ikakaa sawa: “Mtu anayeweza kukosea bwawa zima asikabidhiwe Chumba cha Ramani, hata akiwa na sifa nyingine zote.” Nimeisoma kwa sauti nikiwa peke yangu ofisini. Tamu!

Jumatano, 8 Agosti

Barua imefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Mkuu kaingiwa na wasiwasi, maana katika mpango wa kupambana na moto bwawa langu ndilo linalotegemewa kwa maji upande wote wa mashariki, na kiangazi ndicho hiki. Kaita kikao cha haraka. Shemeji akasema yeye hakuona bwawa lolote, lakini pengine kosa ni lake, kwa sababu ramani ya shemeji yake anaiamini kuliko picha zake mwenyewe.

Kasema hivyo mbele za watu! Unafiki wa kiwango cha juu. Katibu muhtasi alimtazama kwa huruma, mimi akanitazama kama mtu aliyemkanyaga paka.

Mkuu ameagiza niende kesho mwenyewe nikalete picha ya bwawa. Kwa furaha! Nimesafisha viatu vya msituni. Mke wangu alikuwa ananifungia chakula cha njiani. Nilipomwambia ninakwenda kumuumbua mdogo wake, akatoa yai moja.

Alhamisi, 9 Agosti

Siku mbaya.

Bwana Misitu anayelinda kitalu cha kumi na nne ni mtu mzito, mpole, mwenye kofia inayombana. Nilimwambia anipeleke bwawani. Akauliza bwawa lipi. Nikamwambia lile analoliandikia ripoti kila mwezi. Akavua kofia. Akasema, mzee wangu, afadhali uketi.

Kwa miaka kumi na miwili ameandika, “Kina cha maji ni cha wastani.” Mlinzi aliyemtangulia aliandika hivyohivyo, naye akaona si adabu kubadilisha. Mwaka wa ukame aliandika, “Limepungua kidogo,” kwa sababu dhamiri ilikuwa inamsuta. Nikamuuliza vile vifaranga elfu moja vya samaki ambavyo idara ilivileta vipandwe bwawani vilikwenda wapi. Akatazama viatu vyake. Akasema vilikuwa vidogo, lakini vitamu.

Nilimfokea. Kwa nini hakusema? Akajibu kwamba alipoanza kazi alilitafuta bwawa miezi mitatu, kila siku, ramani mkononi. Akafikia kuamini kwamba ni yeye asiyejua kutafuta. Ramani ya serikali imesema lipo, yeye ni nani abishane nayo?

Nilitafuta mwenyewe mpaka saa tisa alasiri. Ni mteremko. Mteremko mkali kiasi kwamba chupa yangu ya maji ilianguka, ikabingirika, ikaenda zake. Hakuna bwawa. Hakuna hata tope.

Jumamosi, 11 Agosti

Akili imerudi. Bwawa lipo, ila limefunikwa na miti! Ndiyo maana droni haikuliona. Na mimi? Mimi sikuliona kwa sababu ya majani makavu. Nimepeleka ripoti: “Bwawa la chini ya miti, lisiloonekana kwa urahisi.” Bwana Misitu ametia sahihi kama shahidi. Alivua kofia kwanza, lakini sahihi ni sahihi.

Mkuu amefurahi sana. Kisha Shemeji naye akafurahi! Kasema kuna chombo anaweza kuazima, kinarusha miale inayopenya katikati ya majani hadi kwenye udongo, kwa hiyo Jumatatu atarusha droni tulione bwawa vizuri, na itakuwa raha kweli tukilipata. Akanishika bega. Nilitaka kumng'ata.

Mchana amekuja kula kwetu. Mke wangu kampa paja la kuku. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, paja lilikuwa langu. Mimi nimepata shingo. Eti mdogo wake amekonda kwa kazi.

Jumanne, 14 Agosti

Naandika mikono ikiwa bado baridi.

Shemeji hakwenda kwa Mkuu na matokeo yake. Alinivuta Chumba cha Ramani, akafunga mlango. Chini ya miti hakuna maji. Kisha kwa upole, upole wa kukera, akaweka kidole kwenye ramani yangu ya ukutani na kufuata kontua, ile mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Kontua tano zinapita katikati ya bwawa. Maana yake maji ya ukingo wa juu yako zaidi ya mita arobaini juu ya maji ya ukingo wa chini. Bwawa limesimama wima ukutani miaka yote hii, na wakurugenzi sita wamepita chini yake na vikombe vyao.

Halafu akafungua droo ya chini kabisa, akatoa karatasi yangu ya kwanza, ile ya msituni. Pale bwawa si la buluu. Ni la kahawia. Na nusu yake haipo, imeliwa na sisimizi. Sisimizi hawali maji, wanakula sukari.

Nikakumbuka yote. Penseli ya buluu iliniishia kitalu cha kumi, nikawa nachora maji kwa penseli ya kahawia. Kitalu cha kumi na nne, hemani, kikombe cha chai mkononi, mtu kaja mbio kutoka kijijini kuniambia nimepata mtoto. Niliruka kwa furaha. Miezi mitatu baadaye ofisini, wakati wa kunakili kwa wino, nikaona doa la kahawia, nikajua ni maji. Kwenye nakala nikalipaka buluu. Hata kwenye karatasi ya asili nimeliandikia pembeni kwa mkono wangu, “Bwawa zuri.”

Shemeji akasema tutaandika tu kwamba ni kosa la zamani la kunakili, bila jina la mtu. Alisema, “Shemeji, hili tulimalize wenyewe. Ni la nyumbani.”

La nyumbani! Nimshukuru kila Jumamosi huku anatafuna paja langu? Thubutu! Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri. Nimemwandikia Mkuu barua ya pili: karatasi ya asili imechezewa, kuna mtu ameimwagia chai kwa makusudi, na mwenye ufunguo wa ile droo anajulikana.

Ijumaa, 17 Agosti

Kikao saa nne. Idara nzima. Mama Usafi na ndoo.

Shemeji alisimama kwanza. Akasema kuna kosa moja la kunakili kitalu cha kumi na nne na mpango wa moto urekebishwe leo hii. Kisha akasema vitalu thelathini vilivyobaki amevilinganisha vyote, na mipaka, vilima na vijito vya ramani ya zamani havijapishana na picha zake hata hatua tatu. Kazi ya mnyororo na miguu! Akasema yeye bila droni angepotea kitalu cha kwanza. Na kwamba kile kiti hajakiomba, wala hakitaki. Tangu Jumatatu ile ya kwanza amemwandikia Mkuu kwamba kinanistahili mimi.

Wakapiga makofi. Kwangu! Mama Usafi aliweka ndoo chini.

Miaka thelathini na moja nimeyasubiri makofi yale. Na nilipoyasikia nilitabasamu, sikatai. Ila nikamwangalia Shemeji, naye alikuwa anapiga kwa nguvu kuliko wote, na watu wanamtazama yeye, wanasema kijana ana moyo gani huyu. Hata makofi yangu yamekuwa yake! Nikasimama. Nikauliza kama Mkuu amesoma barua yangu ya pili.

Makofi yakakatika.

Mkuu akasema ameisoma. Akainua karatasi ya asili juu, akauliza mwandiko huu wa “Bwawa zuri” ulio pembeni mwa doa ni wa nani. Nikasema umefanana na wangu. Akauliza na huu wa chini yake, “Leo nimepata mtoto.” Huo sikuweza kuukana. Mke wangu angenisikia tu, wanawake wana njia zao.

Basi Mkuu akatoa barua yangu ya kwanza. Akasema alikuwa ameshaliandika jina langu kwenye hati, bado sahihi tu, lakini kuna shauri limeandikwa vizuri mno kulipuuza. Akasoma ile sentensi. “Mtu anayeweza kukosea bwawa zima asikabidhiwe Chumba cha Ramani, hata akiwa na sifa nyingine zote.” Aliisoma vizuri kuliko nilivyoisoma mimi.

Kiti amepewa Shemeji. Alikuwa na huzuni kuliko mtu yeyote mle ndani. Sitamsamehe.

Jumatatu, 20 Agosti

Mambo yametulia. Pampu ya kuzimia moto imehamishiwa mtoni. Bwana Misitu ameandika ripoti yake ya mwezi: “Bwawa halipo. Hali ni ya wastani.” Ile karatasi yenye maneno ya mtoto mke wangu ameiomba, na Shemeji amempa.

Shemeji amekalia kiti. Mto wa kukalia ameniletea mimi, eti mgongo wangu una miaka mingi. Nimeupokea. Nimeukalia upande usio laini, kwa makusudi.

Kisha akaniomba niikague ramani mpya kabla Mkuu hajaitia sahihi. Nakala ni hiyo moja tu. Anasema macho yangu anayaamini. Haya. Nimeitandaza mezani, lenzi mkono huu, chai mkono huu, kitalu kwa kitalu. Cha kumi na nne, safi. Cha ishirini na mbili nilipokipitia mara ya kwanza sikuona kitu. Mama Usafi akapita kunisalimu, nikageuka kumwitikia, nikarudi kwenye lenzi.

Bwawa!

Dogo, umbo la pea, na kijito chembamba kinateremka kusini. La kahawia, lakini wino wa buluu wa ile mashine unaisha kila wiki, hilo kila mtu analijua. Linang'aa kabisa. Na Shemeji katika maelezo yake yote, kurasa arobaini, hajalitaja popote!

Nimelizungushia mstari kwa wino usiofutika lisije likapotea. Barua nimeshaianza, na safari hii nimeanza na sentensi ya mwisho: “Mtu anayeweza kusahau bwawa zima...”