Mpingo Wangu Umenivua Nguo Ukweni

Jamani, leo nimeadhirika ukweni. Na hapo ukweni penyewe bado hapajawa ukweni. Nilikwenda kuomba pawe.

Kwa asiyenijua: mie ni Idi, wa Mwananyamala, mkusanyaji wa yoyo. Ndiyo, yoyo, kile cha kurusha kwa uzi kikarudi mkononi. Nina miaka thelathini na mbili na yoyo kumi na tisa. (Mama yangu ameshalia kwa ajili ya hili, msijisumbue.) Kwenye kundi letu la wapenzi wa yoyo tuko watu kumi na wanne jiji zima, na kila mmoja ana imani yake. Kuna wa plastiki. Kuna wa zinazowaka taa, hao tunawaombea. Kuna wa chuma zenye beringi katikati, ukiirusha inazunguka kule chini mpaka usahau kuivuta. Mie ni wa mti. Mti mtupu, mwembamba, uzi wa pamba. Na katika miti nautambua mmoja tu, mpingo.

Zuhura ni wa chuma. Ndiyo tulivyojuana, kwa kugombana. Siku moja niliandika kwenye kundi, "Chuma hakina roho." Akanijibu, "Roho haizunguki, inayozunguka ni beringi." Hapo hapo nikajua huyu ndiye mke wangu, ila yeye bado hajaambiwa.

Ugomvi wetu mkubwa ulihusu yoyo yangu ya mpingo. Niliinunua mwaka jana kwa muuza vinyago, bei sitaji. Nikaitia kwenye soksi, soksi nikaitia kwenye droo. Kila Ijumaa naitoa, nainusa, naitazama, nairudisha. Kurusha, hata siku moja. Zuhura akasema yoyo isiyorushwa ni pambo. Mie nikasema mpingo una heshima zake. (Soksi yenyewe ilikuwa nyeusi. Kumbukeni hilo mkitaka kunitetea.)

Wiki iliyopita akaniambia, "Baba yangu fundi seremala, anapenda watu wanaopenda mti. Jumapili njoo na hiyo yoyo yako, umwonyeshe. Akishafurahi, mwambie lile neno lako." Lile neno ni kuomba ruhusa nilete wazee waje kuposa. Wiki nzima sikulala vizuri.

Basi leo nimevaa kanzu nyeupe, nimeipiga pasi mara mbili, nikapanda bodaboda mpaka Kipawa. Jua la leo mnalijua wenyewe. Zuhura kanifungulia geti na mwiko mkononi. "Baba yuko msikitini, anarudi sasa hivi. Subiri hapo uani, nisije nikaunguza wali."

Nimebaki peke yangu uani. Nikaitoa ile yoyo mfukoni, nikasema ngoja nirushe kidogo nitulize mawazo. Nikarusha moja. Wallahi ilikuwa tamu. Nikarusha ya pili, ya kumi, ya thelathini, mkono wa kulia ukichoka nahamia wa kushoto. Jasho linanitoka, najifuta. Paji la uso, pua, shingo, mdomo. Uzi umepata moto, mikono imelowa, mie nimezama kwenye raha yangu, sina habari na mikono yangu.

Mama Zuhura akatokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

Akanitazama juu mpaka chini. "Marahaba... baba. Pita ndani."

Nikadhani ananisoma tabia. Nikampa mkono kwa adabu zote, nikaingia, nikakaa kwenye kochi. Yale makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, kwenye mgongo na huku pembeni pa kuwekea mikono. Nikaweka mikono yote miwili pembeni, nimetulia, mtoto aliyelelewa.

Mzee akaingia. Nikasimama, shikamoo, mkono. Akaitikia. Akaangalia kiganja chake. Akaniangalia mie. Akakaa kimya. Kumbe mie ule ukimya nimeupokea kama heshima! Nikaona hapa ndipo pa kumkamata.

"Mzee, mie ni mtu wa mti," nikaanza. "Hasa mpingo. Kwenye mpingo hanidanganyi mtu, naujua kwa harufu."

"Kwa harufu?"

"Kwa harufu, mzee. Hata nikiwa nimefumba macho."

"Hebu nione."

Nikampa yoyo kwa mikono miwili. Akaipima uzito kiganjani. Akainusa. Akaikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, taratibu, halafu akanigeuzia nione. Chini ya ule weusi mti ulikuwa mweupe.

"Mwanangu," akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua, "huu mkorosho. Umepakwa dawa ya viatu. Hiyo harufu unayoijua wewe ni ya viatu."

Mwaka mzima, jamani. Kila Ijumaa nimefumba macho nanusa kiatu.

Mara Zuhura akaingia na juisi kwenye sinia. Akanitazama, akasimama. "Idi, uso wako."

Nikageukia kabati la vyombo, lile la kioo. Aliyenitazama mle ndani alikuwa fundi gereji aliyevaa kanzu. Pua nyeusi tii, paji lina mistari, na mdomo una masharubu ambayo sijawahi kujaliwa kuyaota. Nikaangalia kochi. Kushoto vidole vitano, kulia vidole vitano. Nikaangalia mkono wa mama mkwe mtarajiwa. Mweusi. Wa mzee, mweusi. Nimewapaka familia nzima dawa ya viatu na nimewaamkia juu.

Sasa mtu mwenye akili angeomba maji. Mie nimepaniki, nikanyakua leso iliyokuwa karibu nikajifuta uso wote kwa nguvu.

Haikuwa leso. Ilikuwa kitambaa cha mgongo wa kochi.

Mama Zuhura akasema polepole, "Hivyo nimevifuma mwenyewe. Nilianza nikiwa na mimba ya huyu Zuhura." Angenifokea ningeshukuru.

Nikatazama mlango. Kusema kweli nilishapiga hesabu ya hatua mpaka getini. Mzee akanidaka: "Zuhura aliniambia una neno. Sema."

"Mzee, labda siku nyingine."

"Umeshafika. Sema."

Nikasimama, na uso ule ule. "Mzee, nilikuwa naomba ruhusa... nilete wazee wangu. Kwa ajili ya Zuhura." Sikuwa natania tena, jamani, huyu binti nampenda.

Mzee akashindwa. Akacheka mpaka akaanza kukohoa, akachukua juisi ya kwangu akanywa. Akamgeukia binti yake. "Huyu hajui mti hata kidogo. Unamtaka hivyo hivyo?"

Zuhura hata hakufikiria. "Baba, mwaka mzima kautunza mkorosho kwenye soksi. Mie mwenyewe si atanitia kwenye sanduku la dhahabu?"

Mzee akafuta macho kwa mkono ule ule alionipa. (Nikaona michirizi. Nikanyamaza.) "Mimi sina neno," akasema. "Lakini vitambaa si vyangu. Muulize mwenyewe."

Nikamgeukia mama. Alikuwa anavikusanya kimoja kimoja kochi kwa kochi, anavihesabu. Akanikabidhi vyote, hata vile visafi.

"Vikirudi vyeupe," akasema, "wazee waje."

Hivi ninavyoandika nimechutama uani kwetu Mwananyamala, mbele yangu beseni, maji ya tatu haya na bado meusi. Wenzangu mahari mnaambiwa ng'ombe, mie nimeambiwa vitambaa kumi na viwili viwe vyeupe. Mwenye kujua kinachotoa dawa ya viatu kwenye uzi wa pamba aniandikie haraka. Na atakayecheka, pilau ya harusi yangu hali.