Hereni Iliyozama Mtungini kwa Adja Soukeyna

Enyi mliokaa na mliosimama, enyi mnaomeza na mnaotafuna, wekeni vikombe chini mnipe masikio! Wenzangu huwaimba wafalme waliovuka mto na farasi elfu, nami nimewaimba, nikalipwa. Leo lakini mimi Fama Samb, mwimba sifa mwana wa waimba sifa, nawaletea tendo lililoyapita hayo yote: vita alivyopigana Ngoné binti Diop, simba jike wa mtaa wa Sindoné, juu ya mtungi wa ukwaju, siku ya nane tangu ajifungue. Uwanja ulijaa watu sitini na hakuna aliyeviona ila mimi. Miaka saba nimeufunga mdomo huu, na anayemjua mwimba sifa ajue kwamba hiyo peke yake ni habari ya kusimuliwa.

Palikuwa na hereni mbili za dhahabu, kila moja ukubwa wa kokwa la tende, zimesukwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mlinzi wake alikuwa Adja Soukeyna Ndiaye, mwenye funguo saba kiunoni, mama mkwe wa Ngoné, mbele yake hata mbuzi wa sikukuu hulia kwa adabu. Hereni zilikuwa za marehemu mama yake. Mwana alipozaliwa, Adja alifungua sanduku, akamwita mkwewe, akatoa amri zake nami nikiwepo.

"Nisikilize, mwanangu. Manukato kwanza, dhahabu baadaye, usije ukazipulizia. Ukifukiza uvumba, zikae chumba kingine. Ukishika mchi, vua. Zikififia, maji ya ukwaju robo saa, kisha maji safi, kisha pamba. Na kila moja ilale kwenye kitambaa chake, zisikwaruzane kama wake wenza. Sijampa Kiné, niliyemzaa mwenyewe. Nakuazima wewe mpaka kesho ya arobaini, niuone mkono wako."

"Wifi," akadakia Kiné mlangoni, "ukipoteza moja, usirudi kuaga. Hama tu."

Tukacheka. Ngoné hakucheka. Miaka minne alikuwa mgeni katika nyumba ile, anaulizwa chumvi iko wapi lakini haulizwi neno la maana, na sasa alikuwa amekabidhiwa kitu.

Basi ikafika siku ya kumpa mtoto jina. Asubuhi jina likatajwa, uji wa uwele na maziwa mgando ukaliwa, na baada ya alasiri mzazi alipaswa kutoka mbele za watu akiwa amepambwa. Adhuhuri ile, shujaa wetu akazitia hereni katika bakuli la ukwaju mlangoni pa jiko, kama alivyoamriwa. Akaitoa ya kwanza, akaisuuza, akaifuta kwa pamba. Mtoto akalia. Ngoné akakimbia ndani na hereni moja mkononi, akanyonyesha, akarudi.

Bakuli lilikuwa limeoshwa, limefudikizwa juani.

"Kiné, ule ukwaju uliokuwa hapa?"

"Nimeumimina mtungini, wifi. Mzuri mno, mzito! Watu walikuwa wameongezeka. Nikatia na sukari kilo mbili."

"Na mtungi?"

"Upo kwa mama. Anagawa mwenyewe."

La haula! Ngoné akaja chumbani nilikokuwa nakunja vilemba, akanishika mkono. Kucha zake nazikumbuka hadi leo. "Dada Fama, nimekwisha," akasema, akanieleza yote kwa pumzi moja. Nilipochungulia uani, nilimwona Adja ameketi juu ya kiti chake cha enzi cha plastiki, mtungi wa udongo mbele ya magoti yake, kata ndogo ya mpini mrefu mkononi, akiwanywesha mashangazi wa koo tatu. Mtungi wenye shingo nyembamba, kinywaji cheusi kama wino. Kuingiza mkono hakuwezekani. Kukiri, mbele ya watu sitini, ndiko kuhama alikokutabiri Kiné.

"Mwambie kwa siri," nikashauri, kwa maana mimi ni mwoga na sina haya kulisema.

"Nimwambie nini? Kwamba dhahabu ya mama yake imo tumboni mwa wageni?" Akajitazama kiooni, na papo hapo niliona sura yake ikibadilika, uoga ukamtoka, kikaingia kiburi cha babu zake. "Sikiliza. Dhahabu ni nzito, imekaa chini. Mama anachota juu juu. Wakifika kwenye mashapo, Kiné atayamwaga kwenye mchanga. Kwa hiyo mashapo ni yangu. Mimi ni Diop, Dada Fama! Miaka minne wananiita mlafi. Leo watauona huo ulafi!"

Hapo ndipo nilipomwelewa, nikataka kulia. Mnajua ilivyo: akina Ndiaye na akina Diop ni watani tangu enzi na enzi, na kila Ndiaye amenyonya na maziwa kwamba Diop hula sinia zima la wali na kuulizia la jirani. Ni mzaha, hauna jibu wala hasira. Lakini hakuna Diop aliyewahi kuutumia kama ngao.

Akatoka. Enyi wasikilizaji, alitoka! Gauni la samawati limewambwa kwa wanga likinguruma kila hatua, shela imefunika masikio yote mawili. Watu wakashangilia, nami nikapaza sauti.

"Karibu, mama mtoto," akasema Adja. "Hebu funua shela, watu waone."

"Kwanza koo, mama. Nimekauka."

Adja akamchotea kata moja. Akainywa. Akaomba ya pili, ya tatu, ya sita. Kicheko kikaanza kwa mashangazi.

"Ndiyo hao akina Diop!" Adja akapiga paja. "Nilimwambia mwanangu, ukioa kule ongeza jiko!"

"Mama, na mimi nimezaliwa na nani? Nipe mtungi wenyewe basi. Kata inanichelewesha."

"Mtungi? Yamebaki mashapo!"

"Mashapo ndiyo yenye utamu. Mnaupa mchanga, mimi mnaninyima?"

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Mashangazi wakapiga makofi, Kiné akashika mbavu, na shujaa wetu akaukumbatia mtungi, akauinua kwa mikono miwili, akausujudisha mdomoni mwake. Nikaona koo likipanda na kushuka. Nyuzi za ukwaju zikamchuruzika kidevuni hadi kwenye gauni la wiki sita za fundi. Makokwa yalipita, akayatema pembeni ya shela, moja, mbili, tano. Kisha nikalisikia, nami naapa kwa ulimi wangu ambao ndio shamba langu: *tik*, juu ya jino.

Akautua mtungi. Shavu la kushoto limetuna.

"Haya, Diop," akasema Adja, "umeshiba au tukuletee kisima? Jibu!"

Kujibu angejibuje, na dhahabu imo kinywani, kikulabu kinamchoma ufizi? Ndipo mimi mwoga nikawa na manufaa. Nikaruka katikati nikamlipukia Adja sifa za ukoo wake vizazi kumi na viwili, na vingine viwili nikavibuni hapo hapo, hata hakuna aliyekumbuka swali. Ngoné akapita nyuma yangu. Aliporudi shela ilikuwa mabegani, na hereni mbili, naam mbili, ziliwaka masikioni mwake. Adja akazitazama, akatikisa kichwa taratibu.

Tangu siku hiyo Sindoné nzima humwita Ngoné "Mtungi". Harusini humwekea mitungi miwili. Naye huinama, hucheka, hunywa.

Kesho ya arobaini, alizirudisha, kila moja katika kitambaa chake, tukiwa sisi watatu tu. Adja akafungua cha kwanza, akaridhika. Akafungua cha pili. Kutoka katikati ya nyuzi za dhahabu akajitokeza sisimizi mmoja, akasimama, akapangusa masharubu yake, akarudi ndani.

Adja akaiweka ile hereni kwenye ncha ya ulimi.

"Tamu," akasema.

Ngoné akapiga magoti. "Mama, nisamehe, ile siku…"

"Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu, na kata ilikuwa mkononi mwangu. Niliposikia kitu kinaigonga kule chini nilidhani ni kokwa. Kisha nikamwona mkwe wangu anajiaibisha kwa furaha mbele ya koo tatu, nikajua si kokwa." Akazifunga hereni upya, akaziweka katika viganja vya Ngoné, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja. "Ni zako. Anayeweza kuyanywa yale, anaweza kutunza chochote. Na wewe Fama, usiseme mpaka nife."

Adja alitutoka Rajabu iliyopita, Mungu amrehemu, na kinywa changu kimefunguliwa. Basi andikeni, enyi wenye kalamu: binti Diop aliinywa bahari ya ukwaju hadi sakafu yake, akailinda dhahabu ya Ndiaye kwa meno. Na leo asubuhi nilimkuta uani, hereni zimo katika bakuli la ukwaju, yeye ameketi juu ya kigoda kando yake, kitinda mimba wake analia chumbani, naye hanyanyuki.

"Mleteni hapa hapa," akasema. "Robo saa haijaisha."