Bapa la Inchi Ishirini

Vukani Mchunu alipoiona mikaratusi iliyoangushwa na dhoruba kule Mpumuza, juu ya mji wa Pietermaritzburg, alijisikia kama mtu aliyeachiwa urithi. Kila nyumba ya pili ilikuwa na msumeno wa betri. Kila msumeno ulikuwa na bapa fupi, kile chuma ambacho mnyororo unakizunguka, inchi kumi na mbili tu. Na kila mwenye msumeno alikuwa mwanamume anayemchungulia jirani yake ana nini.

Kwa sauti ya msiba aliwaeleza wazee wa kanisa kwamba walikuwa wamepunjwa dukani. Bapa fupi ni la kukatia maua. Kisha akafunga la inchi ishirini kwenye msumeno wake, akalipitisha kwenye shina la mgomba kama anakata keki ya harusi. Wazee wakalipa, kila mmoja akafungiwa bapa refu. Mabapa yao mafupi aliyabeba bure, ati yasiwaaibishe uani, akayarundika kwenye pikapu. Durban wangeyanunua watu wanaojua kazi yake.

Hakuwaambia kwamba mgomba ni maji matupu, wala kwamba betri ndogo ikilazimishwa kuvuta mnyororo mrefu ndani ya mkaratusi huzimia kabla mkataji hajatoka jasho. Hilo wangeligundua, kwa hesabu yake, Ijumaa mchana. Ijumaa asubuhi alikuwa tayari barabarani na mabapa kumi na tisa, anaondoka zake, ndipo MaNgubane akampungia mkono kutoka langoni.

Mama huyu alikuwa mpishi wa shule. Kesho yake binti yake Nokubonga angefanyiwa umemulo, atangazwe kuwa mtu mzima mbele ya ukoo. Ng'ombe alikuwepo, pombe ya mtama imeiva, kuni hakuna. Alimwambia Vukani aiingize pikapu uani, kisha akafunga lango, mbuzi wasije wakamaliza mboga.

"Mimi mambo ya misumeno siyajui, mwanangu," alisema. "Nina huu wa kumi na mbili. Nasikia nimepunjwa."

"Umepunjwa, mama. Hata kusema naona uchungu."

Lakini MaNgubane alitaka kuona kwanza, na si kwa mgomba. Alionyesha mkaratusi uliosimama uani, unene wa ndoo. Vukani aliutazama mti, akaitazama saa, akaona mteja wa ishirini yu mkononi. Akauliza auangushie wapi. Kushoto, mama alisema, kuna banda la kuku. Kulia kuna ukuta wa mchungaji, naye anapenda kesi. Nyuma ni nyumba. Vukani akageukia upande uliobaki.

Mti ulimlia betri mbili, lakini ulianguka vizuri sana, moja kwa moja juu ya lango, ukavunja komeo na kulala hapo kama umelipiwa chumba.

Ndipo akakumbuka pikapu iko ndani.

Akacheka kidogo, akasema ni dakika mbili tu, akatia betri ya tatu na ya mwisho. Mnyororo ukanguruma, ukakohoa, ukanyamaza. Taa ya betri ikawa nyekundu, kisha haikuwa na rangi. Bapa lilibaki limebanwa katikati ya gogo, na huko chini barabarani wanaume walikuwa wanapanda mlima, kila mmoja amebeba msumeno wenye bapa refu begani.

"Niliwaita waje kunisaidia kuni," MaNgubane alisema. "Wanasema misumeno yao imepata ugonjwa."

"Mama yangu, niazime betri."

"Ninazo tatu, zimejaa. Na bapa langu lipo. Hebu nifundishe tena, mwalimu. Kwa gogo hili nifunge la ishirini au la kumi na mbili?"

Vukani aliwatazama wanaume. Walikuwa wameshafika kwa mchungaji.

"Kumi na mbili," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu afike Mpumuza.

"Basi shusha mabapa ya watu, na pesa zao uziweke juu yake. Halafu anzia kwenye kisiki. Langoni tutafika mwisho."

Alikata mchana kutwa, kwa vipande vya kuingia jikoni, huku wazee kumi na tisa wameketi kwenye makreti ya bia wakimsahihisha. Kwenye sehemu nene alikata upande huu, akazunguka, akamalizia upande ule. Lango lilipofunguka, betri ya tatu ilikuwa bado na taa moja ya kijani. MaNgubane akampa sahani ya utumbo na mkate wa mvuke, kwa sababu mfanyakazi hula, akamruhusu kuondoka na mabapa yake marefu.

Moja alilizuia. Lango lilihitaji komeo jipya, na la inchi ishirini liliingia sawasawa kwenye pete zake, pale pande mbili za lango zinapokutana. MaNgubane alikuwa ameshapima, asubuhi.