Lori Mlangoni kwa Mama Kabula

Wenzangu, leo nimevuliwa nguo barabarani, na kanga nilikuwa nimevaa mbili.

Niacheni nijifiche hapa jikoni kwa Mama Ngolo, ukuta kwa ukuta na kwangu. Kwangu sirudi mpaka lori liondoke. Na lori haliondoki. Ngojeni niwaambie.

Si mnayajua yale malori ya pamba? Msimu ukifika kule kiwandani kunajaa, basi yanakuja kujipanga mtaani kwetu tangu asubuhi. Jua mlangoni hulioni. Madereva wanalala chini ya lori, wanakojolea ua wetu wa minyaa. Nani alisimama kwenye mkutano wa nyumba kumi akapiga kelele? Mimi. Nani alisema lori lisisimame mtaani tangu jua linachomoza mpaka linazama, hata liwe la baba yake balozi? Mimi. Balozi Masanja akajibu kwa ile sauti yake ya puani, "Nnn-imekubali. Na atakayesimamia ni Mama Kabula."

(Kusoma sijui, lakini cheo nilikipokea.)

Sasa, leo watu kutoka Samuye walikuwa waje kumposa Kabula, kitinda mimba wangu. Jana kaka yangu Shija akanikalisha chini. Mnamjua anavyoongea, kama anatoa mwiba wa samaki mdomoni. "Dada. Wachumba wawili wameshakimbia. Hawakumkimbia Kabula. Wameukimbia mdomo wako. Kesho nyamaza."

Nikamwambia nitanyamaza kama mtungi. Kabula hakusema neno, aliniangalia tu. Yule kijana wa Samuye anampenda, mama unaona. Nikaapa moyoni, huyu wa tatu simfukuzi.

Wageni tuliambiwa watakuja jioni, kwa basi la abiria. Basi mchana nikaenda zangu mashineni kusaga. Narudi na ndoo ya unga kichwani, saa nane jua linawaka, namkuta nani mlangoni kwangu? Lori.

Unga nikautua. "Mwenye lori!" Kimya. "Dereva!" Kimya. Mtu mwenye akili angeingia ndani kuuliza. Mimi nilikwenda kwa jirani kuazima mchi.

Nikaligonga ubavuni, ngo, ngo, ngo. Kimya. Nikasema, ahaa, umekwenda kunywa pombe, umeniachia mzoga wako hapa? Nikapiga magoti, kanga ya juu nikaitandika chini nisichafuke, nikaokota kijiti, nikabonyeza pale gurudumu linapopulizwa. Fyuuu. Nikahamia la pili. Fyuuu. Na mdomo haujalala. "Mwenye lori hili hakulelewa, aliokotwa. Baba yake hana haya. Ukoo mzima hauna mlango, ndiyo maana hawajui kwamba mlango ni wa kupita watu."

Niko gurudumu la tatu, nikasikia mtu anakohoa humo ndani ya lori. Kidogo tu, kama mwizi.

Nikapanda pale pa kukanyagia, mchi mkononi, nikachungulia. Dume zima limejikunja kwenye kiti, limejifunika koti kichwani.

"Wewe, ondoa lori lako mlangoni kwa watu."

Sauti ikatoka ndani ya koti, nyembamba kama ya kifaranga. "Siwezi, mayu." Ananiita mama.

"Huwezi, una kilema?"

"Siwezi kutoka. Wewe ndiye mama yake Kabula."

Uso nikaugeuza upesi. Nyie si mnajua kwetu? Mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hata njiani mnapishana kwa mbali. Kumbe kijana kaazima lori kazini kwake, kawaleta wazee wake mapema. Wazee wakaingia uani. Yeye akajilaza humo nisije nikamwona. Na maneno yangu yote kayasikia. Mimi namtolea upepo, yeye ananiheshimu. Nawatukana wazazi wake, ananiheshimu tu.

Nikageuka nishuke. Mlangoni wamejaa. Shija yuko hapo, baba yake kijana na fimbo yake, shangazi yake, na Kabula kashika kibuyu cha togwa. Mimi naning'inia kwenye lori na mchi, kanga moja. (Na ile iliyobaki ndiyo iliyotoboka.)

Na balozi naye, siku zote akiitwa hapatikani, leo akatokea. "Mmm-ama Kabula. Lori, mchana huu? Liondoke."

"Haliwezi kuondoka, balozi. Halina upepo."

"Nnn-ani kautoa?"

Nikatazama mawingu. Hayakuwepo.

Yule mzee akalizunguka lori. Akabonyeza gurudumu la kwanza kwa fimbo, akabonyeza la pili. Tunasikia la tatu likimalizia pumzi yake polepole. Akamwita shangazi pembeni, wakanong'onezana. Kabula machozi yanamlenga. Hapo, wenzangu, niliuchukia mdomo wangu mwenyewe.

Mzee akarudi kwa Shija. Mimi hakunitazama. Akasema taratibu, "Binti tunamtaka. Ila tunamtaka haraka, mwezi huu huu. Akikaa hapa mpaka mavuno mengine, atajifunza kwa mama yake."

Shija kakubali kabla sijavuta pumzi. Kabula kakimbilia ndani kuficha meno.

Basi ndiyo hivyo, mwanangu kaposwa. Balozi anazunguka mji mzima kutafuta pampu ya lori, na mimi nimeambiwa nisionekane. Chekeni, lakini polepole. Mkwe wangu yuko palepale chini ya koti lake, anawasikia, na masikini wa Mungu, yeye kucheka haruhusiwi.